Ubao wa mawimbi umepasuka, mjukuu ana miaka 7: nizibe kwa puti au nifanyeje?

Babu Tishari (Sahare, Tanga)

Salamu kwenu wote. Nina swali la kifundi, ila nivumilieni nianze mbali kidogo. Mzee akishastaafu, maneno ndiyo mali yake.

Nilifanya kazi kwenye matishari bandari ya Tanga, enzi zile meli zinatia nanga kule nje na sisi ndio tunazifuata mzigo. Siku hizi wamechimba kina, meli inakuja yenyewe hadi gatini, nami nimebaki nyumbani na mjukuu wangu wa kike, miaka 7, kilo 20 akiwa ameshiba. Huyu ndiye mke wangu mdogo, na bibi yake hana kinyongo.

Mwezi uliopita wapangaji wageni wa nyumba moja Raskazone walihama, wakamwachia mlinzi ubao wao wa mawimbi, ule unaolaliwa halafu wimbi linakusukuma hadi ufukweni. Mlinzi akaniuzia 15,000. Njiani nilikuwa najiona mjanja. Kufika nyumbani nikaugeuza: chini, karibu na mapezi, kuna ufa wa shibiri nzima, umekata mshazari kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukibonyeza kwa kidole gumba panadidimia kama embe lililoiva kupita kiasi, na maji yanatoka. Nikayaonja. Chumvi. Pembeni pana doa la rangi ya chai, na pezi moja kati ya matatu limebaki kisiki.

Mjukuu ameshaupa jina, anauita Papa. Maji yakidondoka sakafuni ananiita: "Babu, Papa anakojoa tena!"

Sasa kuna kijana wa gereji Ngamiani, Barabara ya 12, ananyoosha bodi za magari. Anasema atapiga puti nusu saa, elfu 10, kwisha. Jirani yangu mvuvi anasema nikandamize pamba nipake deheni, yale mafuta ya kuzibia majahazi, kama chombo. Mke wangu mkubwa anasema niuze. Nimsikilize nani? Na ubao ulioungwaungwa, mtoto mdogo aupande kweli?

Kijana wa Chuda

Shikamoo mzee. Mawimbi gani Tanga hii hii? Ghuba imetulia kama supu iliyopoa, na Pemba imetukinga kwa mbele. Ufanye meza ya kahawa huo.

Babu Tishari

Marahaba mwanangu. Kusi ikivuma na maji yakijaa alasiri, wimbi linafika magotini. Magoti yako wewe ni kifua cha mjukuu wangu. Hilo hilo ndilo tunalolitaka.

Mnyoosha Bodi

Mzee, usiogopeshwe. Puti haijawahi kuniangusha. Nimeziba bampa ya Noah mwaka juzi, iko barabarani mpaka leo. Piga msasa, paka puti, piga msasa tena, rangi. Ukiwa na haraka ongeza hadina, ile dawa ya kugandisha, kidogo, dakika kumi imekauka.

Binti Kalafati (Bagamoyo)

Shikamoo babu. Tafadhali usimpe ubao huyo kijana wa gereji, na huyu kaka wa bampa naye asinichukie. Nitakueleza kwa nini, maana kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu miwili.

Baba yangu alikuwa kalafati hapa Bagamoyo. Nimekua nikimwona anashindilia pamba kati ya mbao za jahazi, anaipigilia kwa nyundo na patasi butu hadi mlio unabadilika, halafu anapaka deheni. Mimi nikahamia kwenye faiba, ile plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo: boti, matangi, na mara mojamoja mbao za wageni. Mwaka wangu wa kwanza nililetewa ubao wenye shimo la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Nikachanganya rezini ya boti, ile gundi ya majimaji inayoganda, kama nilivyozoea, nikamimina. Ikazama kimya, kama chai kwenye andazi. Nikasema shimo lina kiu, nikaongeza. Ikazama tena. Mara ya tatu nikachungulia kwa tochi ya simu: mle ndani pameshakuwa pango, ngumi yangu ingeingia na nafasi ikabaki, na kuta zake zinachuruzika. Mwenyewe alikuja kuuchukua kesho yake. Nililipa kwa miezi minne.

Sababu ni hii. Mbao hizi ndani yake ni povu, na povu ni la aina mbili. Lipo jeupe la punje punje, ndugu wa yale maboksi meupe ya kubebea samaki. Lipo jingine laini bila punje, likizeeka linageuka njano kama keki iliyokauka. Rezini ya boti ni poliesta iliyolainishwa kwa stairini, na lile povu la punje lenyewe limetengenezwa kwa stairini hiyo hiyo. Wakikutana, povu linarudi uji. Na puti ya magari, babu, ni poliesta hiyo hiyo iliyotiwa unga. Kwenye bampa haina shida. Kwenye povu la punje itakuchimbia pango. Hata kwenye lile povu la njano, puti ni nzito, haina nyuzi za kuishika, ubao ukipinda kidogo inapasuka pale pale.

Na jirani yako anajua chombo, hajakosea kwa chombo. Pamba inakaa kwenye jahazi kwa sababu ubao wa mti ukinywa maji unavimba, unaibana. Povu halivimbi, kwa hiyo hapana kitakachoibana. Halafu mafuta ya deheni yakishaingia humo, hakuna gundi itakayoshika tena. Ukipaka deheni leo, ubao huo ndio basi.

Kwanza kabisa chukua wembe, panua ufa kidogo, tazama. Punje au keki? Ukibaki na shaka, kwangua chembe uiweke kwenye kifuniko cha chupa na tone la asetoni, kile kiyeyusho cha kutolea rangi ya kucha. Ikiyeyuka, ni povu la punje. Ukipata jibu nirudie.

Babu Tishari

Punje, mwanangu. Chembe imepotea kabla sijarudisha kizibo kwenye chupa. Mjukuu ametaka nirudie, tumerudia mara nne.

Binti Kalafati

Basi ni epoksi, rezini ya aina nyingine isiyo na stairini, usikubali kingine. (Epoksi inafaa povu zote mbili, kwa hiyo hata asiyejua ubao wake ni wa aina gani, epoksi haitamtia hasarani.) Ile inayouzwa makopo mawili kwa ajili ya boti, siyo vile vibomba viwili vya dakika tano vya kugandishia sahani. Vile vinaganda kabla hujasambaza.

Ila kabla ya epoksi kuna jambo ambalo watu hawana subira nalo: kukausha. Maji ukiyafungia ndani, kiraka kitavimba na kubanduka, na hata kisipobanduka mtoto atakuwa anabeba ndoo. Na ni maji ya chumvi. Chumvi ikibaki humo inavuta unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. Kwa hiyo suuza ule ufa kwa maji baridi ya bomba kwanza, ndiyo, uloweshe tena, kisha usimamishe ubao ufa ukitazama chini, kivulini, penye upepo. Usiuanike juani wala usiufungie garini. Hewa iliyo ndani ya povu ikipata joto inatanuka, inabandua ngozi ya faiba, na hapo utakuwa na malengelenge badala ya ufa.

Utajuaje umekauka? Kwa macho hutajua. Wewe uko karibu na soko la samaki la Deep Sea, omba mtu mizani ya ndoano. Upime kila baada ya siku mbili, andika. Uzito ukigoma kushuka mara tatu mfululizo, maji yamekwisha. Mwisho, bandika kipande cha nailoni angavu juu ya ufa jioni, uzibe kingo kwa tepu. Asubuhi kikiwa na ukungu kwa ndani, bado.

Ukishakauka, kata ngozi yote iliyolegea. Usiionee huruma. Chochote kinachobonyea kitoke, hadi ufike penye ugumu. Piga msasa namba 80 kuzunguka, upana wa vidole vinne, hadi mng'ao wote uishe. Vaa barakoa, unga wa faiba si wa kuvuta, na mjukuu asiwepo hata uani. Baadaye mwage maji sakafuni ufagie, la sivyo mtajikuna wiki nzima.

Shimo unalijaza kwa epoksi iliyokorogwa na unga wa mbao. Nenda kwa seremala, chukua ule unga laini kabisa wa chini ya msumeno, uchekeche kwa kitambaa cha tui. Koroga hadi uwe kama siagi ya karanga, ukiinua kijiti usidondoke. Unga wa ngano usithubutu.

Juu yake kitambaa cha faiba, cha kufumwa, chepesi, gramu 200 kwa mita ya mraba au pungufu. Ule mkeka wa matangi, nyuzi zilizotupwatupwa, haufai hapa: gundi inayozishika zile nyuzi huyeyushwa na stairini, na epoksi haina, utabaki mgumu kama jamvi. Kata vipande viwili, kimoja kipite ufa kwa vidole viwili, cha pili kipite cha kwanza kidogo. Kata pembe ziwe mviringo, pembe kali ndiyo inayoanza kubanduka. Sukuma epoksi kwa kadi ya simu ya zamani hadi kitambaa kionyeshe chini yake kama kioo. Kikiwa bado cheupe mahali, pale pana hewa.

Saa ya kufanya: alasiri, jua likishaanza kupunga. Asubuhi joto linapanda, hewa ya kwenye povu inatoka kidogo kidogo na kukutoboatoboa kiraka kikiwa kibichi. Jioni joto linashuka, povu linavuta kwa ndani, linaivuta epoksi pamoja nalo. Hili nililifundishwa na ubao wangu wa tatu.

Na vipimo ni vya kwenye kopo, kwa mizani au kikombe cha alama. Kaka wa bampa kasema ongeza hadina ikaukie haraka. Kwa poliesta una nafasi ya kucheza kidogo. Kwa epoksi, hadina ya ziada haiharakishi kitu, inabaki inanatanata milele.

Mnyoosha Bodi

Dada nimekubali yaishe. Lakini hiyo ya asetoni naenda kuijaribu kwenye boksi la samaki.

Mama Wawili

Babu shikamoo. Mimi ni nesi, nitasema mawili tu. Epoksi mbichi ngozini inaweza kukuletea mzio usioondoka: leo hausikii kitu, mara ya kumi mikono inavimba. Glavu, na ikikugusa osha kwa sabuni, usijifute na asetoni, inaisukuma ndani. Kiraka kikae siku 7 mtoto asikiguse.

La pili ni la maji. Ubao si boya. Ukimponyoka mtoto, upepo wa kusi unauchukua haraka kuliko wewe unavyotembea. Avae jaketi la kuelea linalombana sawasawa, na wewe uwe umesimama kwenye maji, umbali wa mkono wako. Kusimamia kutoka mchangani na gazeti hakuhesabiki. Maji yawe ya kiunoni kwake, basi. Na yale mapezi makali yatoe.

Binti Kalafati

Mama Wawili kanitangulia. Mapezi yang'oe yote, piga msasa visiki vyake vilingane na ubao. Mtoto wa kulalia tumbo hana haja nayo, na ubao ukigeuka, pezi ndilo linalochana shavu. Ncha ya mbele ichongee kofia ya ndala kuukuu, uigandishe. Lamu walitengeneza jahazi zima la plastiki wakalivika ndala, likafika Zanzibar mwaka 2019, wewe ndala moja haikushindi.

Ukimaliza msasa wa mwisho, 220, chukua soksi nyembamba ya kike uipitishe juu ya kiraka chote. Mahali itakaponasa uzi, hapo pana mwiba wa faiba unaomsubiri mtoto. Mkono wako una sugu za kamba, hautausikia. Soksi itausikia.

Mtu wa Dar

Yote haya kwa ubao wa elfu 15? Mnunulie ule wa povu laini, mpya, hauna faiba wala ufa. Ni salama zaidi.

Binti Kalafati

Ni kweli, wa laini ni salama zaidi kwa mtoto, simpingi. Angekuwa anauliza anunue upi ningemwambia hivyo hivyo. Ila kauliza wa kwake utazibwaje, na tayari una jina.

Babu Tishari

Nimerudi. Zimepita wiki tano, msidhani nilikata tamaa.

Kukausha peke yake kumekula siku 19. Mizani niliazima kwa mama mmoja wa pale Deep Sea, akawa ananicheka kila nikienda, mzee na ubao begani kama anauza changu wa mbao. Siku ya kwanza kilo 4.9. Wiki ya kwanza 4.2. Halafu 3.8, 3.5, 3.4, 3.4, 3.4. Kwa hiyo nilikuwa nimenunua lita moja na nusu ya bahari ya Hindi kwa elfu 15. Nailoni usiku ule haikuwa na ukungu.

Kukata ngozi iliyolegea kuliniuma. Nilidhani nitatoa shibiri, nikatoa karibu shibiri mbili. Chini ya lile doa la chai povu lilikuwa limeachana na faiba kabisa, unaingiza kisu bila kusukuma. Ule mti mwembamba wa katikati, ulio kama uti wa mgongo wa ubao, nashukuru, ulikuwa mzima.

Kosa langu nitalisema ili mwingine asilirudie. Ile ya kujazia nilikoroga nyingi kwenye kikombe kirefu cha mtindi, nikaenda kupokea simu. Narudi, kikombe kina joto. Nikakishika, kikaanza kutoa moshi, kikajikunja chenyewe mkononi mwangu kama jani la mgomba motoni. Nikakitupa mchangani. Nikaupigia simu ujinga wangu, yaani nikamwuliza fundi mmoja wa boti hapa Sahare, akaniambia epoksi ikirundikana inajipasha yenyewe. Koroga kidogo kidogo na uitandaze kwenye sahani bapa. Mara ya pili nilitumia kifuniko cha ndoo, ikatulia.

Kitambaa nilibandika saa kumi na nusu jioni kama ulivyoagiza mwanangu. Kilipogeuka kioo nikaliona lile povu chini yake, punje moja moja, kama dagaa kwenye maji safi. Asubuhi kilikuwa kigumu ila juu kina utelezi kama mafuta. Nikakiosha kwa maji na dodoki ukaisha, ndipo nikapiga msasa.

Soksi: mke wangu mkubwa alitoa moja kwa shingo upande. Ilinasa mahali pawili. Nilikuwa nimeshapapasa hapo hapo nikaapa pako sawa.

Ubao ulikuwa unateleza kwa juu, nikayeyusha nta ya nyuki na mafuta ya nazi kidogo sana, nikausugulia sehemu ya kifua. Mshumaa nilijaribu kwanza, unateleza kuliko bila kitu.

Jana maji ya bamvua. Nikamvika jaketi, nikaingia naye, maji yananifika mapajani. Mawimbi matatu ya kwanza alinipiga teke la tumbo. La nne nikauachia. Ulikwenda kama hatua kumi na tano, hadi tumbo la ubao likakwaruza mchanga, na yeye hakupiga kelele hata kidogo, nami nikaanza kukimbia kwenye maji nikidhani kuna jambo. Kumbe amekaa pale, ameugeuza ubao, anakikagua kile kiraka kama mkaguzi wa bandari. Akanitazama.

"Babu, Papa hajakojoa."

Kijana wa Chuda

Mzee, ile meza ya kahawa naifuta. Kesho maji yanajaa saa ngapi?

Babu Tishari

Saa kumi na nusu. Uje na ndala kuukuu, kofia ya mbele imeshaanza kubanduka.